Kihispania, Kifaransa au Kirundi: muuguzi wa Kigoma aanze na kipi ili aongee na mjamzito kuhusu pombe?

Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao kiini chake kilikuwa sekunde kumi: "Shangazi, nina simu, nina saa moja kila jioni, na nataka lugha moja ya kunisaidia kazini. Kihispania nishakianza kwenye Duolingo. Niendelee nacho, nihamie Kifaransa, au nijifunze hicho Kirundi chako?"

Namjibu kwa maandishi kwa sababu hayuko peke yake. Kila wanapopangwa watumishi wapya Kasulu, Kibondo na Kakonko, wilaya za huku Kigoma mpakani na Burundi, yupo atakayeniuliza hivyo hivyo, hasa wale wa pwani na kaskazini ambao Kiha, lugha ya wenyeji, hawajawahi kukisikia kikisemwa. Mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga, mkunga, na huu mkoa umenifundisha kwa kunichapa kwanza.

Lugha hizi sikuzipima kwa utamu wake wala kwa umbali wa nchi zinakosemwa. Nimechukua kazi moja tu: ukae na mjamzito dakika kumi, umuulize kama anakunywa pombe, kisha umweleze inamfanya nini mtoto. Kazi hiyo nimeichagua makusudi. Presha unaipima hata kwa mtu asiyesema. Damu unaitoa kidoleni. Mlalo wa mtoto unausoma kwa viganja juu ya tumbo, mama akiwa kimya. Lakini pombe ya juzi haina kipimo pale zahanati. Kinywaji gani, kiasi gani, lini, na nani: vyote vinatoka kinywani mwake. Neno likikupita, habari yote imekupita.

Yanayotakiwa kusemwa, kwa lugha yoyote ile

Pombe anayokunywa mama inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini la mtoto bado changa, haliwezi kuivunja kama ini la mama. Nyingine inaingia kwenye maji ya chupa ya uzazi, mtoto akayameza tena, kwa hiyo yeye hukaa nayo wakati mama alishalala, akaamka na kusahau. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kutokunywa kabisa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, hakuna mwezi ulio salama, na ya kienyeji haina nafuu kuliko ya kiwandani.

Matokeo ni mimba kutoka, mtoto kuzaliwa mfu, kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na ubongo kuathirika. Hilo la ubongo ndilo gumu kueleza kwa sababu siku ya kuzaliwa huenda usilione. Utaliona darasa la pili, mtoto hashiki alichofundishwa jana, hatulii, anaonekana mkaidi kumbe hawezi. Walioathirika zaidi huonekana na usoni: upenyo wa macho mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji wa kati ya pua na mdomo uko bapa.

Kuna mambo mawili ambayo mabango huwa hayasemi. La kwanza, usiseme "pombe inaharibu mimba" ukaishia hapo. Anayeitaka mimba ataogopa, sawa, lakini asiyeitaka anaweza kusikia kuwa umempa dawa. Sema inamdhuru mtoto, taja ubongo wake. La pili, mama anayekunywa sana kila siku, anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, usimwambie aache leo hii kisha umwache aende zake. Kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kumletea degedege. Huyo ni wa rufaa.

Sasa tuzipitishe lugha zetu kwenye kazi hiyo.

Kihispania: vitabu tele, wagonjwa hakuna

Ukitafuta kwenye intaneti jinsi ya kuzungumza na mjamzito wa lugha nyingine kuhusu pombe, karibu chote utakachopata ni Kihispania cha hospitali za Marekani. Si ajabu. Huko zaidi ya watu milioni 40 huongea Kihispania nyumbani kwao. Masomo yapo ya bure, yenye sauti na mazoezi ya mgonjwa na daktari. Utajifunza kuwa mjamzito ni *embarazada*, kuwa madhara ya pombe kwa mtoto huitwa *trastornos del espectro alcohólico fetal*, na kuwa kinywaji kimoja kwa hesabu ya Marekani ni gramu 14 za pombe halisi, sawa na bia ndogo ya mililita 355 yenye asilimia 5.

Baadhi nimeyapitia, na kuna kitu nilikiiba. Kitenzi chao *tomar*, ukikitamka peke yake mbele ya Mmexico, *¿Usted toma?*, umemuuliza kama anakunywa pombe. Ni kama sisi tunavyosema "yule mzee anakunywa" na hakuna anayedhani tunasema chai. Lakini *tomar* hiyo hiyo ndiyo ya kumeza dawa. Tena vijijini Mexico kuna *pulque*, pombe ya utomvu wa mmea uitwao maguey, ambayo wapo wanaoihesabu chakula, hata kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Muuguzi akiuliza kuhusu *alcohol*, mama akajibu hapana, hakuna aliyesema uongo, na mtoto bado anakunywa. Ikumbuke hiyo pulque. Tutakutana nayo kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikiwa na jina jingine.

Ila Kigoma utaongea Kihispania na nani? Miaka yote niliyokaa huku, mjamzito wa kunijibu *sí* sijampokea hata mmoja. Na kama ndoto ya binti yangu ni kwenda kufanya kazi Marekani, lango la kule ni Kiingereza, maana mtihani wa leseni ya uuguzi ni wa Kiingereza. Isitoshe, hospitali za kule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Kwa hiyo hata huko kwenyewe Kihispania ni nyongeza, nzuri, lakini nyongeza. Kiendelee kama burudani ya jioni.

Kifaransa: lugha ya kadi

Kwenye mada hii Kifaransa kina haki ya kuringa. Mwaka 1968 daktari wa watoto wa mji wa Nantes, Paul Lemoine, na wenzake waliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi, watoto waliokuwa wakifanana sura na matatizo. Waliandika kwa Kifaransa, dunia haikugeuka. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle wakaandika kwa Kiingereza kwenye jarida la The Lancet, wakaipa hali hiyo jina, na hapo kila mtu akasikia. Jambo ni lile lile, limechelewa miaka mitano kwa sababu ya lugha lililoandikiwa. Leo Ufaransa, tangu 2007, chupa ya pombe ni lazima iwe na mchoro wa mjamzito uliopigwa mstari au maandishi ya onyo.

Lakini turudi Kigoma. Faida ya kweli ya Kifaransa hapa ni karatasi. Mama akivuka kutoka Kongo au Burundi na kadi yake ya kliniki, mara nyingi kadi hiyo ni ya Kifaransa. *CPN* ni hudhurio la kliniki ya wajawazito. *DDR* ni tarehe ya kuanza hedhi ya mwisho, *DPA* ni tarehe ya matarajio ya kujifungua. Ukikuta *alcool* na alama pembeni, mwenzako wa ng'ambo alishauliza, na alishajibiwa. Kadi ya kwanza ya namna hiyo niliizungusha mikononi kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni, nikaishia kumuuliza mama upya mambo yote yaliyokuwa yameandikwa pale.

Mgonjwa mwenyewe ni habari nyingine. Mama wa Fizi kule Kongo, au wa Makamba kule Burundi, aliyeishia darasa la tano, Kifaransa chake ni *bonjour* na *merci*. Ukimuuliza *Est-ce que vous buvez de l'alcool?* umemwonyesha kwamba umesoma, basi. Atakuitikia kwa adabu. Na kile kiitikio cha adabu ndicho kibaya kuliko kukosa jibu, maana utakiandika kwenye kadi.

Gharama nayo iangalie. Alliance Française, vituo vya kufundisha Kifaransa, ziko Dar es Salaam na Arusha, wewe uko Kigoma na simu yako. Mpaka umudu kuongea dakika kumi bila kusoma kwenye karatasi, itapita miezi mingi ya jioni zako. Maneno arobaini ya kwenye kadi unayapata ndani ya wiki mbili. Ningeishia hapo.

Kirundi: ndugu wa Kiha

Haya, andika swali moja kwa lugha zote tatu. Unakunywa mara ngapi kwa wiki?

*¿Cuántas veces por semana toma?*

*Vous buvez combien de fois par semaine ?*

*Muranywa kangahe mu ndwi?*

Isome hiyo ya mwisho kwa sauti. *Kunywa* ni kunywa, haijabadilika hata herufi. *Kangahe* ukiisikiliza vizuri imebeba "ngapi" ndani yake. *Indwi* ni saba, na wiki ni siku saba, kwa hiyo neno ni hilo hilo. *Mu-* ya mwanzo ni ile ya "ninyi", kwa sababu Mrundi mtu unayemheshimu unamsemesha kwa wingi. Ukimwambia *uranywa* hujakosea sarufi, lakini umemsemesha kama mtoto, na swali la pombe halitaki kuanza hivyo. Mtu wa Tanga nililishika swali hili asubuhi moja nikipanga mafaili.

Mimba ni *imbanyi*, au kwa lugha ya kawaida *inda*. *Imbanyi yanyu imaze amezi angahe?* Mimba yenu ina miezi mingapi? Pombe kwa jumla ni *inzoga*. *Ntimunywe inzoga* ni msinywe pombe. Hayo manne, pamoja na *ego* na *oya*, ndiyo na hapana, yanakutoa kwenye ububu. Na bahati ya Kigoma ni kwamba Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba Mha na Mrundi husikilizana kila mmoja kwa lugha yake. Walimu umezungukwa nao: mhudumu wa mapokezi, mama wa usafi, mlinzi wa getini. Hakuna programu ya simu inayokuwekea mwalimu mlangoni.

Sasa mitego, maana ukaribu huu unadanganya.

*Umuti* si mti, ni dawa. Mti wenyewe ni *igiti*. Mama akikwambia amekunywa *umuti*, usimcheke. Muulize ni wa hospitali au wa nyumbani, na kama wa nyumbani, uliloweshwa kwenye nini. Kuna dawa za kienyeji ambazo zinanyweka na pombe.

*Ejo* ndiyo iliyonitia aibu. Kwa Kirundi *ejo* ni jana na pia ni kesho. Neno moja, kama vile aliyelitunga aliona yote mawili si leo, inatosha. Mama mmoja alinitajia *ejo* na *kunywa* ndani ya sentensi moja, nikaandika kwamba alikunywa jana. Nikaanza na mahubiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, mpole, kisha akamgeukia mwenzangu Mha na kumwambia jambo. Kumbe alikuwa akiomba ushauri: kesho yake dada yake anabatiza mtoto, pombe itakuwepo, na yeye kama shangazi wa mtoto… hapana, mama mkubwa wa mtoto, atakwepaje kuonja? Alikuwa amekuja na swali zuri kuliko maswali yangu yote, na mimi nimemsomea hukumu. Siri iko kwenye kitenzi. *Naranyoye ejo*, nilikunywa jana. *Nzonywa ejo*, nitakunywa kesho. Ukiisikia *zo* katikati ya kitenzi, mambo bado hayajatokea.

Halafu kuna kiasi. Fomu zetu zinataka idadi. Kwa bia ya chupa hesabu inawezekana: mililita 500 zenye asilimia 5 ni kama gramu 20 za pombe halisi, yaani vipimo viwili vya gramu 10 kwa hesabu ya AUDIT, dodoso la unywaji pombe la Shirika la Afya Duniani. Lakini *urwarwa*, pombe ya ndizi, na *impeke*, ya mtama, hazina lebo. Nilimuuliza mama mmoja anakunywa glasi ngapi. Akaangalia pembeni akitafuta glasi. Kisha akaviringisha kidole gumba na cha shahada, akavipeleka mdomoni, akainama kidogo mbele. *Umuheha*. Mrija. Chungu kimoja katikati, watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake au wanapokezana, mazungumzo yanaendelea. Glasi iko wapi hapo? Tangu siku hiyo ninauliza vitu vitatu tofauti: mlikaa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, mlikuwa wangapi, na uliinuka ukijisikiaje. Ninaandika hivyo hivyo kama alivyosema. Kwa mjamzito, kujua kwamba ni kila jioni, au ni Jumapili tu lakini mpaka ayumbe, kunanisaidia kuliko namba ya glasi niliyoibuni ili fomu ijae.

Vitabu vya Kirundi ni haba, hilo nikiri. Upo mtaala wa zamani wa Foreign Service Institute, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, wa mwaka 1965, wa bure, lakini umeandikwa kwa Kiingereza na hauna chumba cha wazazi ndani yake. Duolingo haina Kirundi. Google Translate sasa inacho, ila mimi naitumia kwa neno moja moja. Sentensi nzima siipi mbele ya mgonjwa kabla Mrundi hajaisikia.

Neno kwa Waha wenyewe: ninyi ndio wavivu wakubwa wa Kirundi, kwa sababu mnaelewa tisa katika kumi. Lile la kumi huwa ndilo jina la kinywaji.

Kiswahili cha Kongo, ambacho hukukiweka kwenye orodha

Binti yangu hakukiuliza, na hakuna anayekiuliza, kwa sababu kila mtu anajiona anakijua. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao Wabembe wa upande wa Fizi, kabla ya Warundi kumiminika tena kuanzia 2015. Wakongo hao Kiswahili wanacho. Si hiki chetu.

Wa kwanza kunifungua macho aliniita *munganga*. Nilishtuka, nikadhani ananichanganya na mganga wa kienyeji. Kwao munganga ndiye daktari, na hata muuguzi. Nikamuuliza kama kadi yetu inavyotaka:

"Mama, unatumia kilevi?"

"Hapana, munganga. Miye silewi."

Nikaweka alama ya hapana. Mwenzangu, aliyekaa kambini miaka mingi, alikuwa akipima uzito pembeni. Akauliza bila kugeuka: "Na kasiksi?"

"Ah, kasiksi ndiyo! Iko ya ndizi tu. Kila magaribi."

Ndiyo ile pulque niliyosema. Kasiksi ni pombe ya ndizi ya Kivu, na kwake haikuwa kilevi kwa sababu haimlevyi, na haikuwa pombe kwa sababu ni ndizi. Swali langu la Kiswahili sanifu, lisilo na kosa hata moja, lilikuwa limefunga mlango. Na tusiwacheke Wakongo. Tanga kwetu, Kigoma, Tabora, wako wangapi wanaosema "situmii pombe, nakunywa wanzuki"? Ni pombe ya asali. Wako wangapi wanaoamini bia nyeusi inaongeza damu ya mjamzito? Neno "kilevi" lingefaa lifutwe kwenye midomo yetu tukiwa na mjamzito, wa taifa lolote. Uliza kwa majina: bia, gongo, kasiksi, urwarwa, impeke, wanzuki, *lutuku*. Hiyo ya mwisho ni gongo ya Kongo, ya mahindi au muhogo, kali.

Kujifunza Kiswahili hiki hakuna kozi wala gharama. Ni kukaa na kusikiliza, na kukubali kwamba wewe ndiye mgeni.

Mkalimani, kwa wasiotaka kujifunza chochote

Wapo watakaoniambia: mama, mkalimani yupo, nijisumbue kwa nini? Mkalimani mzuri ni bora kuliko Kirundi kibovu, hilo sina ubishi nalo. Shida ni nani anakalimani. Mume anayekaa naye kwenye chungu hicho hicho? Mama mkwe ambaye ndiye mpishi wa pombe nyumbani? Mtoto wa miaka kumi na miwili, umuulize mbele yake kama mama yake hulewa? Kwenye malaria hawa wanavumilika. Kwenye pombe wote watatu wanaondoka chumbani.

Hata mkalimani aliyefunzwa mpe maneno yanayokalimanika. Kuna maswali manne yanayoitwa T-ACE, yalichapishwa mwaka 1989, yaliyotungwa hasa kwa ajili ya wajawazito: unahitaji kunywa kiasi gani ndipo uchangamke, kuna watu wamekuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako, umewahi kuona upunguze, na la nne huuliza juu ya kinywaji cha asubuhi cha kutuliza mning'inio. Kwa Kiingereza kinywaji hicho kina jina la utani linalotaja kufungua macho, na karatasi niliyopewa ilikuwa imelitafsiri neno kwa neno. Mkalimani, mtu mwaminifu, alimuuliza mama kama asubuhi macho yanamsumbua. Mama akasema ndiyo, moshi wa kuni. Tukampa rufaa ya macho.

Kwa Kiswahili neno lipo na kila mtu analijua: kuzimua. "Je, huwa unazimua?" Aliyetafsiri ile karatasi bila shaka analijua, ila aliona aibu kuliandika.

Ukiwa na mkalimani, mtazame mama, si mkalimani. Sema sentensi fupi. Mama akiongea dakika mbili na wewe ukaambiwa "amesema hapana", rudi, omba maneno yake yote. Na kabla ya yote, mbele ya wote wawili, taja siri. Kirundi ni *ibanga*. Neno hilo moja sema mwenyewe, kwa mdomo wako.

Basi nani achukue kipi

Ukipangiwa Kasulu, Kibondo au Kakonko, anza na Kirundi. Jioni zako za miezi miwili ya kwanza zitoshe kwa maswali kumi, majina ya vinywaji, siku, mara ngapi, na ile *ejo*. Huku ukiokota Kiswahili cha Kongo njiani bila kukitengea saa. Kama wewe ni Mha, wiki mbili tatu zinatosha, ilimradi uache kubahatisha lile neno la kumi.

Ukiwa Kigoma mjini, karibu na bandari na Kibirizi, wanakoshuka watu wa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, ningetanguliza Kiswahili cha Kongo na yale maneno arobaini ya Kifaransa ya kadi, Kirundi kifuate.

Ukiwa Tabora mambo hubadilika. Makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu yalipokea Warundi tangu 1972, wengi wao baadaye wakapewa uraia, na mjamzito wa leo pale huenda amezaliwa hapo hapo, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kirundi utamsalimia nacho bibi yake. Wewe jifunze kuuliza wanzuki bila kukunja uso.

Kifaransa kamili, cha kusoma mwaka mzima, ni cha anayetaka kufanya kazi na mashirika upande wa pili wa ziwa, kusimamia wenzake, kuandika ripoti. Ni uamuzi mzuri, ila ni uamuzi wa ajira yako. Mama aliye mbele yako leo haumfaidishi.

Na Kihispania, mwanangu, Duolingo isiifute. Ila kesho asubuhi, kabla hujaifungua, mwamkie yule mama Mha anayeuza maandazi nje ya chuo, mwombe akutamkie *muranywa kangahe mu ndwi*, umrudishie mpaka aache kucheka. Mwambie kwanza ni kwa ajili ya nini, asije akadhani unamchunguza.